Filamu fupi za watoto kuhusu mazingira: mbona watoto wenzao hawazitazami?

Mlezi wa Klabu, Kigogo

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam na mlezi wa klabu ya mazingira yenye watoto 22 wa darasa la tano na la sita. Muhula uliopita tulitengeneza kwa simu yangu filamu ya dakika nne kuhusu taka zinazoziba mitaro ya mtaani kwetu, tukaionyesha siku ya wazazi kwa projekta ya kuazima. Watu wazima walipiga makofi. Watoto wa madarasa mengine walianza kusukumana kabla ya dakika ya kwanza kwisha, na sikuwalaumu, maana hata mimi niliyeishika simu nilikuwa nasubiri iishe.

Kitu kimoja tu kiliwaamsha. Katikati ya filamu kuna kipande cha sekunde kumi na moja hivi, alichokipiga mtoto mmoja bila kutumwa na mtu: ndala nyekundu ya mguu mmoja inaelea mtaroni baada ya mvua, inafika kwenye kona, inanaswa na mfuko wa rambo, inazunguka mara mbili, kisha inachomoka. Ukumbi mzima ulipiga kelele: "Imetoka! Imetoka!" Mara akarudi mwanafunzi mwenye sare iliyopigwa pasi, akisoma kwa sauti ile ya risala kwa mgeni rasmi kwamba mazingira ni uhai na kila mmoja wetu ana wajibu wa kuyatunza. Maneno hayo niliyaandika mimi.

Naomba ushauri: nifanyeje ili filamu iliyotengenezwa na watoto iwe kweli yao, na watoto wenzao waitazame hadi mwisho? Nina simu mbili, hiyo projekta ya kuazima, na Ijumaa mchana.

Mhariri wa Sinza

Mwalimu, kazi yangu ni kuhariri picha za video, za harusi zaidi kuliko filamu, lakini nitasema ninaloliona. Watoto wale walipopiga kelele walikuwa wamepata swali: itatoka au haitatoka? Risala haikuwaachia swali lolote, kwa kuwa jibu lilitangulia.

Utaniambia kwamba shuleni tumezoea ngonjera, na kwamba filamu yako ni ngonjera iliyopigwa picha. Laiti ingekuwa hivyo. Ngonjera alizoziandika mshairi Mathias Mnyampala miaka ya Azimio la Arusha zilikuwa na mafunzo tele, lakini zilikuwa na watu wawili wanaojibizana, na mmoja wao alibisha kwelikweli kabla ya kukubali. Katika filamu yako hakuna anayebisha. Mtafuteni huyo kwanza.

Jambo la pili ni urefu. Kuanzia 2002 UNICEF na washirika wake wa Ulaya waliwafundisha vijana wa miaka 12 hadi 20 kutengeneza video za sekunde 60 kamili, katika mradi uitwao OneMinutesJr. Faida ya kikomo hicho ni kwamba hakiachi nafasi ya salamu wala shukrani kwa wafadhili, kwa hiyo mtoto analazimika kuamua ni kitu gani hasa anataka mtu akione. Wape wako sekunde 60, kisha usiwaongezee hata moja.

La tatu ni sauti, ambayo huziua filamu za simu kuliko picha mbaya. Mtoto akisimama hatua nne kutoka kwenye simu, kinachosikika ni bodaboda. Simu ya kwanza ipige picha, ya pili irekodi sauti ikiwa kwenye mfuko wa shati la anayesema, na mwanzoni mtoto mmoja apige kofi moja kwa viganja vyake mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri, utalinganisha mlio wa lile kofi na picha ya viganja vinapokutana, na maneno yatakaa mahali pake.

Mkitaka kuifuata ndala, njia yake inajulikana. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Watoto wapige picha wakiwa juu ya daraja au ukingoni penye usalama, kwa sababu maji yale hubeba majitaka ya majumbani na ya viwandani, na hakuna picha inayostahili mtoto aingie humo.

Mama wa Wawili, Mbagala

Mwalimu, naafikiana na kaka Mhariri kuhusu sauti, lakini msiwaachie watoto kila kitu. Wanangu na wenzao waliwahi kupewa simu na kuambiwa watengeneze chochote wapendacho. Walitengeneza ngumi mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ndizo walizozizoea kwenye kibanda umiza, kile chumba cha kulipia kutazama video.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mwaka jana kikundi kimoja cha watoto mtaani kwetu, chini ya usimamizi wa watu wazima waliopaswa kujua, kilimpiga picha jirani yangu akimwaga taka mtaroni wakati mvua inanyesha. Uso wake ulionekana, mlango wake ulionekana, na jioni ile ile video ilikuwa kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa. Yule mama alitukanwa, na mtoto aliyeshika simu, ambaye jina lake lilisomwa mwishoni kwa fahari, aliacha kupita njia ile kwenda shule kwa muda mrefu.

Hakuna aliyemuuliza yule mama kwa nini anamwaga. Mimi najua kwa nini. Gari la taka haliwezi kuingia kwenye uchochoro wetu, wenye maguta, yale matoroli ya mizigo, wanatoza kila wanapobeba, na siku ambayo mfukoni pana hela ya unga tu, mvua inakuwa ndiyo gari la taka. Sisemi alifanya vizuri, kwani maji yanayorudi ndani yanaingia kwangu pia. Ila kama mnamtafuta anayebisha, ni huyo, na hoja yake ina uzito kuliko maneno yote ya risala.

Kuhusu sheria za Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo ridhaa ya mzazi ipatikane kwa maandishi kabla ya kamera kuwashwa, wala isiwe ya kuombana radhi baadaye. Kupiga picha za filamu nako kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, ambayo inasimamiwa na Bodi ya Filamu. Anza kwa afisa utamaduni wa manispaa yako umweleze kwamba ni kazi ya klabu ya shule.

Fundi Vikaragosi

Hofu ya Mama wa Wawili ina dawa: tumieni gunzi la mahindi kama kikaragosi. Jirani anayemwaga taka akiwa gunzi lenye kilemba cha kitambaa, hakuna mtaa utakaomtambua, na watoto watampa maneno makali au ya huruma bila kumdhuru mtu.

Mnapiga picha moja, mnalisogeza gunzi kidogo, mnapiga nyingine; picha zikifuatana haraka, gunzi linaonekana linatembea. Picha 12 kwa kila sekunde zinatosha, maana yake filamu ya sekunde 60 inahitaji picha 720. Kwa watoto 22 ni picha 33 hivi kwa kila mmoja. Anayesogeza vikaragosi asiwe anayebonyeza simu, la sivyo mtaona vidole katika nusu ya filamu.

Adui zenu wawili ni simu kutikisika na jua kuhama. Ifungeni simu kwenye stuli kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Msitegemee mwanga wa dirishani, kwa kuwa wingu likipita filamu nzima itakuwa inakonyeza. Fungeni dirisha mtumie taa moja. Mtaro mtautengeneza kwa boksi, na maji kwa karatasi ya nailoni mnayoisogeza kidogo kila picha.

Na lile rambo lililoinasa ndala? Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, ila vifungashio vya baadhi ya bidhaa viliruhusiwa kuendelea. Watoto wakiangalie kipande chenu tena waone ni mfuko wa aina gani, kisha wamuulize muuza genge anaupata wapi.

Mlezi wa Klabu, Kigogo

Nawashukuru nyote. Ijumaa iliyopita niliwaonyesha wanaklabu kipande cha ndala peke yake, mara tatu, nikawauliza wanataka kujua nini. Nilitarajia wataje bahari. Msichana mmoja wa darasa la tano akauliza: "Mwalimu, mwenye hiyo ndala alifika vipi nyumbani?"

Wakabishana nusu saa. Mmoja akasema alichechemea, mwingine akasema aliivua na ya pili akaenda peku, wa tatu akasema alichapwa kwa kupoteza ndala mpya. Mwisho wakakubaliana kwamba anaifuata mtaroni, na njiani anamkuta mama Gunzi na ndoo yake ya taka, anayemwambia kwamba yeye naye anasubiri gari ambalo haliji. Hapo ndipo walipokwama, kwa sababu hawajui mtoto atamjibu nini, na safari hii nimekataa kuwaandikia.

Mama wa Wawili, barua za ridhaa zimekwenda kwa wazazi Jumatatu, na kwa afisa utamaduni nitafika wiki hii. Mfuko tumeuangalia: ni ule mwembamba unaopitisha mwanga, hauna mikono, na muuza genge aliye mbele ya shule anawafungia watu nyanya humo. Watoto wawili wamejitolea kwenda kumuuliza, bila simu kwanza. Magunzi tunayo tisa, na stuli ya jikoni kwangu imeshafungwa mipira ya tyubu, jambo ambalo mke wangu hajaridhia bado.