Risasi za 9 mm Kurz kwenye bastola ya 9×19: zinaingia, ila zinafaa?

Nzuguni_B:
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua silaha. Bastola ni nusu otomatiki, mtutu umeandikwa 9×19, leseni iko sawa. Nimepata boksi la risasi 50 na kila anayeliona ananiambia "9 mm ni 9 mm". Ila boksi limeandikwa 9 mm Kurz, na kwenye kitako cha kila risasi kuna maandishi 380 AUTO. Magazini inazipokea, na nikiachia slaidi (sehemu ya juu inayoteleza) inafunga mpaka mwisho. Sijapiga hata moja. Kama kipenyo ni kilekile, shida iko wapi?

FundiChuma_Dom:
Mkuu, toa hizo risasi kwenye magazini sasa hivi na uhakikishe chemba, yaani pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, iko tupu. Slaidi kufunga si ushahidi kwamba risasi ni yake.

Kurz, Corto, Browning Short na .380 Auto ni risasi ileile moja, 9×17. Namba ya kwanza ni kipenyo cha kichwa, ya pili ni urefu wa ganda. Vichwa vinalingana kweli, karibu mm 9.03 vyote viwili. Lakini ganda la 9×19 lina urefu wa mm 19.15 na hilo lako lina mm 17.3. Unene nao ni tofauti: kitako cha 9×19 ni kama mm 9.93, chako ni mm 9.5.

Sasa elewa risasi ya 9×19 inasimamia wapi. Haina ukingo uliotokeza kitakoni wala bega. Ndani ya chemba, mbele, kuna kizingiti chembamba, na mdomo wa ganda hugota pale. Kuanzia kizingiti hicho hadi uso wa slaidi ndiyo nafasi mafundi wanayoiita hedispesi. Kwa 9×19 inatakiwa iwe kati ya mm 19.15 na 19.71. Ukiweka ganda la mm 17.3, limepungukiwa karibu mm 2, kwa hiyo linaelea. Likisogea mpaka kwenye kizingiti, pini ya kufyatulia haifiki kwenye fataki (kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti), au inaigusa kidogo tu.

Kizota_77:
Nakubaliana na Fundi, ila nina swali. Kuna watu wanazipiga na zinalia. Inakuwaje?

FundiChuma_Dom:
Zinalia kwa sababu ya kulabu ya kuvutia ganda. Ikibahatika kuushika ukingo wa kitako, inaibana risasi kwenye uso wa slaidi na pini inaifikia. Kulabu imetengenezwa kuvuta ganda, haikutengenezwa kubeba kazi ya kizingiti. Na ganda lenyewe limepwaya kwenye chemba pana, hivyo linavimba au kupasuka ubavuni na gesi ya moto inarudi nyuma. Halafu msukumo wa .380 ni mdogo (kikomo chake ni bar 1500, 9×19 ni bar 2350), springi ya slaidi inaushinda, ganda linabaki nusu ndani nusu nje.

Kinachonitisha zaidi ni pale kulabu inapokosa. Risasi inazama mbele, unabonyeza, kimya. Mtu akidhani ni fataki mbovu akavuta slaidi, hakuna kinachotoka, na risasi ya pili inasukumwa nyuma ya ile ya kwanza. Kichwa chake kinaelekea moja kwa moja kwenye fataki iliyo mbele yake.

Mlowa_Barabarani:
Hilo la mwisho ndilo linalovunja shotgani pia, na huku kwetu shotgani ni nyingi kuliko bastola. Risasi ya geji 20 ukiitia kwenye geji 12 inateleza na kukwama mbele ya chemba. Ukichungulia haraka unaona chemba tupu, unatia ya geji 12, unapiga, mtutu unapasuka pale mkono wa kushoto unaposhika. Ndiyo sababu geji 20 hutengenezwa za njano. Usichanganye mfukoni hata siku moja.

Hata .40 S&W kwenye bastola ya 10 mm Auto ni hadithi ileile: kipenyo kimoja, ganda fupi kwa mm 3.6, linaning'inia kwenye kulabu.

Kizota_77:
Kuna njia rahisi ya kujua bila geji za fundi, zile za kupimia chemba?

FundiChuma_Dom:
Ipo. Magazini nje, chemba tupu, fungua bastola utoe mtutu kabisa. Safisha chemba kwanza kwa brashi na kitambaa kikavu. Kwa vumbi letu la Dodoma la kiangazi, mafuta mengi ndani ya chemba yanageuka tope, na tope kwenye kizingiti linafanya hata risasi sahihi isizame, slaidi ikabaki wazi kidogo. Ushike mtutu wima, mdomo chini, uidondoshe risasi kwa uzito wake. Ya 9×19 inagota kwa mlio mkavu na kitako kinalingana na kingo ya nyuma ya mtutu. Ya .380 inazama chini ya kingo.

Hiyo inakuonyesha risasi isiyo yake. Haipimi uchakavu. Kwa uchakavu peleka kwa fundi mwenye leseni: geji ya chini (ya urefu mdogo kabisa wa hedispesi) slaidi ifunge, geji ya juu (ya urefu uliozidi) isifunge. Afunge kwa mkono taratibu, kulabu ikiwa imetolewa. Slaidi ikiachiwa ijibamize juu ya geji ya chuma, kipimo kinadanganya na kizingiti kinaumia.

Nzuguni_B:
Nimefanya hivyo. Kwa vernia (kifaa cha kupimia urefu) ganda ni mm 17.2. Kwenye mtutu limezama karibu unene wa sarafu. Nikiinamisha linacheza, nalisikia likigonga kushoto na kulia. Nimezihesabu zote 50, zimerudi kwenye boksi lake, nimeandika juu kwa maka "SI ZA 9×19". Kesho zinarudi duka lilelile na risiti yake.

Mlowa_Barabarani:
Wakikataa kupokea, usimgawie mtu. Zipeleke kituo cha polisi na nakala ya leseni, uombe uandikiwe kwamba umezikabidhi.