Divai nyekundu kavu ya Dodoma: tutajuaje kama ni nzuri?

Abiria wa SGR
Habari zenu, ndugu zangu. Mwezi wa nane mimi na mke wangu tutapanda treni kwenda Dodoma, na tungependa kutembelea kiwanda cha divai upande wa Hombolo. Tumezoea divai tamu za harusini. Chupa moja nyekundu isiyo na sukari tuliyoifungua mwaka jana ilitukausha ulimi kana kwamba tumetafuna ndizi mbichi, tukaiacha nusu. Je, ndivyo divai kavu ilivyo, au tuliuziwa mbovu?

Mkulima wa Zabibu
Karibuni sana. Haikuwa mbovu. Divai huitwa kavu pale ambapo chachu imekula karibu sukari yote ya zabibu, na ukakasi mlioupata hutoka katika maganda na kokwa, ambazo huachwa ndani ya tangi pamoja na juisi kwa siku kadhaa ili rangi itoke. Iliyoharibika mtaitambua kwa pua kabla ya ulimi, kwa maana hunuka siki.

Pigeni simu kabla ya kwenda. Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena Agosti hadi Septemba, kwa kuwa hakuna majira ya baridi kali ya kuulaza mzabibu, na mkulima ndiye huuamsha kwa kupogoa. Mkifika siku kiwanda kinapopokea mzigo wa zabibu, mtasubiri kivulini hadi mchoke.

Bibi Kizibuo
Naafiki yote isipokuwa hilo la mwisho, kwani mimi ningechagua siku hiyo hiyo ya mzigo. Nilipokwenda, msimamizi alifungua bomba la tangi akanikingia kidogo kwenye glasi: zambarau iliyokolea, povu jembamba pembeni, na ukali wa kufumba jicho. Kisha akanipa divai ya zabibu za aina ile ile, Makutupora, iliyokaa zaidi ya mwaka, nikaona jinsi ukakasi ulivyotulia. Somo hilo hulipati dukani.

Jambo jingine ni joto. Tunaambiwa divai nyekundu inywewe bila kupozwa, lakini ushauri huo umetoka nchi za baridi. Katika joto la Dodoma pombe hupanda puani na kufunika ladha ya tunda. Iwekeni kwenye friji dakika 20, mle na nyama ya mbuzi, kwa sababu mafuta na chumvi hulainisha ukakasi. Na mkionja aina nyingi, temeni, hakuna atakayewashangaa.

Abiria wa SGR
Ahsanteni mno. Tutapiga simu na kuomba siku ya mzigo. Ile nusu chupa ya mwaka jana bado ipo kabatini. Je, tuionje upya?

Mkulima wa Zabibu
Hiyo, ndugu yangu, sasa ni ya kachumbari.