Mwanangu beki wa hoki ya barafuni kachaguliwa OHL (ligi ya vijana ya Ontario), mama yake anataka chuo. Naombeni ushauri

BabaK_Ottawa: Wakuu, habari za majukumu. Tulitoka Mwanza, huu mwaka wa 14 tuko Kanada. Kijana wangu ana miaka 15, ni beki, mrefu kunizidi, anapiga kwa mkono wa kulia. Timu moja ya OHL imemchagua raundi ya 6. Akifaulu kambini atahamia mji wao na kulelewa na familia tusiyoijua. Mama yake kagoma: mtoto asome kwanza. Mimi barafu niliijulia kwenye glasi ya juisi, sina cha kumjibu. Hela ya skeiti nayo kila mwaka, mguu hauachi kukua!

MzeeWaFimbo: Hongera mkuu. Zamani shemeji angekuwa sahihi kabisa. Ukicheza OHL, vyuo vya Marekani vilivyo chini ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, vilikuhesabu umeshakuwa mchezaji wa kulipwa, basi, mlango umefungwa. Sheria ilibadilishwa Novemba 2024, ikaanza kutumika Agosti 2025. Sasa anaweza kupita OHL, kisha chuo. Asichotakiwa kufanya ni kusaini kabla mkataba wa NHL, ile ligi kuu ya kulipwa.

Halafu msigombane mapema. Wa raundi ya 6 mara nyingi hurudishwa nyumbani akakomae mwaka mmoja.

DadaWaGatineau: Shemeji, mkeo haogopi hoki, anaogopa mtoto kulala kwa watu. Nendeni mkaione hiyo nyumba. Na ile ahadi ya OHL ya kumlipia kijana ada ya chuo kwa kila msimu atakaocheza, idai kwa maandishi, usome na muda wake wa kuisha. Wengi huenda kubahatisha ligi za chini, wakirudi wanakuta imekufa.

Kisigino7: Beki hachomozi haraka kama mshambuliaji. Kosa lake moja ni goli, kwa hiyo makocha hawamwamini mtoto. Mark Giordano alicheza OHL kule Owen Sound, na hakuna timu ya NHL iliyomchagua. Akahangaika, msimu mmoja akaenda mpaka Moscow, akarudi Calgary, timu ya NHL, akawa nahodha. Tuzo ya Norris, ya beki bora wa NHL, aliipata 2019 akiwa na miaka 35! Cale Makar naye alipitia ligi ndogo ya vijana ya Alberta, akaenda chuo cha Massachusetts, na Norris akaibeba 2022. Njia zote mbili zinafika.

Huo mkono wa kulia usiuchukulie poa. Mabeki wanaopiga kwa mkono huo ni wachache, maskauti (wasaka vipaji) wanawatafuta kwa tochi.

SimbaWaBarafu_Nrb: Sisi huku Nairobi tulijifunzia kiwanja kidogo cha hoteli ya Panari, mabeki wawili wakisimama kimejaa. Kijana ana bahati, baba. Muulize mwenyewe anataka nini.

BabaK_Ottawa: Asanteni sana, hili la NCAA hata skauti hakunieleza. Nimemwonyesha mama K uzi huu. Kasoma wote kimya, kakubali aende kambini. Kauliza swali moja tu: hiyo familia inajua kusonga ugali?

DadaWaGatineau: Mfungashieni unga na mwiko.