Naomba ushauri: waliotoweka wa ukoo wa kakakuona niwachore wapi?

Wakuu, habari za leo. Nafundisha baiolojia kidato cha tano hapa Dodoma, naandaa chati ya ukutani ya kakakuona. Wanafunzi wanamweka pamoja na muhanga, kwa kuwa wote wana kucha za kuchimbia, ulimi mrefu na wanakula mchwa. Kumbe vinasaba vinasema vingine kabisa: ndugu wa karibu wa kakakuona ni wala nyama, akina simba na fisi, na muhanga yuko upande wa tembo na hawa pimbi wa kwenye mawe yetu. Somo tamu sana hili, mlo mmoja umefananisha miili ya koo mbili tofauti!

Ninapokwama ni kwa waliotoweka. Eomanis wa Messel, Ujerumani, wa miaka milioni 47 hivi, hana tabu. Patriomanis wa Amerika Kaskazini vilevile. Lakini Palaeanodonta, wale wachimbaji waliopungukiwa meno, niwaingize ndani ya Folidota (oda ya kakakuona) au niwaweke pembeni kama kundi jirani? Vitabu vinatofautiana. Aliyewahi kufundisha mada hii anachoraje? Nafikiria tawi la nukta nukta, ila naogopa litawachanganya.