Mlioumwa mshipa (neva) wa jicho kwa sababu ya MS, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia neva, jicho lilirudi kweli? Tupeane uzoefu

mleta_uzi: Wakuu, jana mwanangu kanirushia mpira, nikadaka hewa, mpira ukanipiga kifuani. Mwaka wa 4 huu tangu mshipa wa jicho la kushoto uvimbe. Kliniki kila siku naambiwa 6/6, yaani nasoma ubao wa herufi kama kawaida, umepona. Mbona nyekundu kwa jicho hilo ni kama kanga iliyofuliwa mpaka ikachoka?

nuru_kidogo: Nyekundu iliyopauka!! Nilidhani niko peke yangu.

Bi Subira: Langu lilianza na maumivu, nikizungusha jicho nahisi mtu analivuta kwa nyuma, siku ya tatu pakaingia doa la kijivu katikati, nikimtazama mtu naona masikio, uso haupo. Nikapigwa dripu za steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) siku 3, baada ya wiki kama 6 likarudi, nikashukuru Mungu. Sasa mwaka uliofuata naoga maji ya moto, ghafla likafifia lote, bomba silioni, nikakaa sakafuni napiga mayowe mpaka mume wangu akavunja kitasa, akanikuta nalia na povu kichwani. Nilijua ndo basi. Akanipepea na taulo, mwili ukapoa, bomba likaanza kurudi taratibu. Kumbe joto tu, inaitwa Uhthoff, jina la daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1890. Hakuna aliyekuwa amenionya!

nuru_kidogo: Pole sana dada, nimesisimka. Sasa unaoga ya baridi?

Bi Subira: Vuguvugu. Na mlango sifungi tena.

Kaka Mkubwa: Dawa ni kumeza vidonge vya steroidi mapema, mimi nilimeza nikapona.

Msemakweli: Usipotoshe watu mkuu. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 1992 ulionyesha dripu inaharakisha tu kupona, ukifika mwaka waliopata na wasiopata wako karibu sawa, na waliopewa vidonge peke yake kwa dozi ya kawaida ugonjwa uliwarudia zaidi.

Kaka Mkubwa: Mwili wangu utanifundisha wewe?

Msemakweli: Umepona, nafurahi. Ila mgeni asijinunulie dawa kwa maneno yako.

Bi Subira: Jamani mtoa mada kauliza mpira.

tulia_tu: Mpira huo ni hali inayoitwa Pulfrich. Jicho lililoumia linachelewesha taarifa kwenda ubongoni, macho hayaendi pamoja, kwa hiyo kinachosogea unakiona mahali ambapo hakipo. Mimi nilikalishwa mbele ya skrini ya miraba myeusi na myeupe inayobadilishana, waya kichwani, ikaonekana linachelewa hadi leo na 6/6 nasoma! OCT, ile picha ya nyuma ya jicho, nayo ikaonyesha nyuzi za neva zimepungua, na hizo hazioti tena. Ule ubao wa herufi nyeusi tii haukamati haya, omba herufi za kijivu hafifu.

nuru_kidogo: Mi nafunika jicho bovu nikishuka ngazi.

tulia_tu: Usilizoee, jicho moja halipimi umbali vizuri. Mimi niliwekewa kwenye miwani kioo cha giza kidogo upande wa jicho ZIMA ili nalo lichelewe, yakaenda sawa.

nuru_kidogo: Zima tena?? Haya, ila ngazi nitaendelea kufunika.

mleta_uzi: Nimefunika la kushoto sasa hivi, mtoto karusha mara 5, nimedaka 3. Kliniki ni Alhamisi, sitoki mle bila hizo herufi za kijivu.