Mrejesho: haidrofoili iliyokuwa inapaa ghafla na kuporomoka

Asanteni sana wakuu. Niliuliza kwa nini ubao wangu wa haidrofoili (wenye mabawa majini yanayouinua juu ya maji) unapaa ghafla, bawa la mbele linatoka majini, halafu kila kitu kinaporomoka. Tatizo lilikuwa mguu wa nyuma, kama mlivyosema.

Ulikuwa nyuma ya mlingoti (nguzo ya chini inayounganisha ubao na mabawa) kwa karibu sentimita 10. Hapo ukiukandamiza kidogo tu, pua inainuka. Kasi ikiongezeka, nguvu ya kuinua nayo inaongezeka, na bawa likichungulia nje linavuta hewa na kupoteza mshiko wote. Sasa mguu huo unakaa juu kabisa ya mlingoti, na wa mbele unautangulia kwa upana wa mabega. Uzito mwingi uko mbele, hasa wakati wa kupaa. Magoti yamekunjwa, kifua kimetulia. Kupanda na kushuka kunaongozwa na shinikizo dogo la wayo, si kuinamisha mwili mzima.

La pili sikulitegemea kabisa: katikati ya wayo wa mbele lazima iwe juu ya mstari wa kati wa ubao. Ukihamia upande wa kisigino hata sentimita 2 au 3, ubao unalalia upande huo. Kipande cha utepe kilichobandikwa kwenye mstari huo kinatosha kuwa alama. Wayo unahisi ukingo wake bila macho kutazama chini.

Paja la mbele likichoka mapema, msiguse miguu kwanza. Legezeni skrubu, rudisheni mlingoti nyuma sentimita 1 kwenye reli zake (mifereji iliyo chini ya ubao), kazeni, mjaribu tena.