Mmoja akirudi nyuma kwa uchawi, sisi wengine tufute tulichocheza?

Mlinzi wa Daftari
Wakuu, nina jambo limetugawa mezani. Ni mchezo wa kuigiza: kila mchezaji ana mhusika wake, msimamizi anasimulia ulimwengu, dadu zinaamua. Wachezaji ni watano, mimi wa sita ndiye msimamizi. Kikao kilichopita kikosi kilikuwa kinavuka korongo kwa daraja la kamba. Kamba ikakatwa, Sero akaanguka, akafa. Nani aliikata, mpaka leo hatujui. Dadu zilisema imekatwa, nami sikuwa nimeamua ni mkono wa nani, nikaacha hivyo hivyo.

Sasa Nusu Jini, ambaye mhusika wake ana uwezo wa kuchezea wakati, anataka arudi nyuma robo saa amzuie Sero asivuke. Nilipompa uwezo huo sikuandika mwisho wake ni wapi. Kosa langu, nalikubali. Swali: uchawi wa wakati uwe na mipaka iliyoandikwa kabla ya mchezo kuanza, au msimamizi aamue papo kwa papo?

Kobe Mwendapole
Maji yakimwagika hayazoleki. Iandikwe, tena kwa wino mzito.

Tazama Dungeons & Dragons, toleo la tano la 2014. Tamko la kichawi kubwa kuliko yote mle ni Wish, ngazi ya tisa. Ukilitumia kufuta jambo lililotokea, linachofanya ni kulazimisha dadu moja irushwe upya, na iwe ilirushwa ndani ya raundi ya mwisho. Raundi ni sekunde sita. Na kila ukilitumia kwa jambo lisilo kuiga tamko jingine, kuna asilimia 33 kwamba hutalitamka tena maishani. Hiyo ndiyo bei ya sekunde sita. Nusu Jini anataka dakika 15, yaani raundi 150, na hajasema analipa nini.

Halafu niseme ukweli: wanaopenda kurudi nyuma ni wale wale wasiojua kushindwa.

Nusu Jini
Asiyejua kushindwa ni nani? Rudia hapa nikusikie vizuri. Nimezika wahusika watatu na sijawahi kumlilia msimamizi hata mmoja. Na Sero si mhusika wangu! Namwokoa mwenzangu halafu naitwa asiyejua kushindwa? Wewe ambaye kila dadu ikikuangukia vibaya unasema meza ilitikisika?

Kobe Mwendapole
Meza ILITIKISIKA. Watu walikuwepo.

Binti Msimulizi
Hahaha, nyie. Kaka Kobe, hoja yako nzuri umeizika mwenyewe kwa sentensi ya mwisho.

Mlinzi, mimi nadhani umeuliza swali lisilo lenyewe. Kuna kurudi nyuma kwa namna mbili. Blades in the Dark ya John Harper (2017) ina kanuni ya kurudi nyuma kimasimulizi. Umefika mlangoni umekuta mlinzi, unasema "huyu nilimhonga jana", mnacheza kisa cha jana kidogo, unalipa kwa msongo, yaani alama za mzigo anaobeba mhusika wako. Nafasi za msongo ni tisa tu, zikijaa unatoka na kovu la kudumu, kwa hiyo hakuna anayechezea. Lakini kitabu chenyewe kinakataa kwamba hiyo ni safari ya wakati: hairuhusiwi kufuta kilichokwisha kutokea sasa hivi mbele ya macho ya wote. Unaongeza kisichojulikana, hufuti kinachojulikana. Mchawi wako, Nusu Jini, anataka kufuta.

Nusu Jini
Dada, nakuheshimu, lakini mhusika wangu si mchawi. Ni mganga. Nilisema tangu kikao cha kwanza.

Kobe Mwendapole
Mganga hajigangi.

Dokta Penseli
Nilikuwa nasoma kimya lakini hapa sipiti. Nusu Jini ana haki kabisa. Kwa Kiswahili mchawi si mtu yeyote mwenye nguvu za ajabu. Mchawi anadhuru, mganga anaagua. Tunatafsiri vitabu vya michezo hii kwa haraka, kila anayetoa moto vidoleni tunamwita mchawi, halafu tunashangaa kwa nini wanakijiji wa kubuni wanamkimbia kikao cha kwanza. Kuna sihiri, kuna uganga, kuna mazingaombwe, kuna kiinimacho. Kila neno lina sheria zake. Ukishachagua neno umeshachagua nusu ya kanuni.

Binti Msimulizi
Sawa, lakini mganga anaagua kilichopo. Anayebadilisha kilichopita anaitwaje?

Dokta Penseli
Mwongo.

Kobe Mwendapole
😂😂 Dokta leo umenikosha.

Mzee wa Kete
Vijana mnapiga kelele na jibu liliandikwa zamani. Gygax, mmoja wa waliobuni hiyo Dungeons and Dragons, alisema katika kitabu cha kwanza kabisa, 1974, tena kwa herufi kubwa zote, kwamba mchezo hauna maana kama kumbukumbu za wakati hazitunzwi kwa ukali. Enzi zetu msimamizi alikuwa na kalenda ya ulimwengu wake, siku kwa siku. Mwenzako akisafiri siku nane, wewe huwezi kukutana naye siku ya tatu. Mkitunza saa, hamtakuwa na shida hii.

Sikio la Meza
Mzee, shikamoo. Kauli hiyo ipo kweli na herufi kubwa ni kweli, ila iko kwenye kitabu cha wasimamizi cha 1979. Cha 1974 ni mchezo wenyewe, wa Gygax na Dave Arneson.

Nje ya hapo, kuna jambo naona hakuna aliyeligusa. Kwenye D&D hiyo hiyo ya Kobe, tamko la kufufua aliyekufa, Raise Dead, linafanya kazi ndani ya siku kumi, linakula almasi ya vipande 500 vya dhahabu, na juu ya hayo yote roho ya marehemu lazima iwe imekubali kurudi. Ikikataa, almasi yako imepotea bure. Sasa ikiwa hata kufufua kunahitaji ridhaa ya maiti, iweje kumzuia asife kusihitaji? Mwenye Sero amesemaje?

Mzee wa Kete
Marahaba. 1974 au 1979, hoja ni ile ile. Mimi nilikuwa nacheza wakati wewe unajifunza kuhesabu.

Sikio la Meza
Sikukataa hoja, Mzee, nimerekebisha mwaka tu.

Mzee wa Kete
Kurekebisha mwaka ndiyo kukataa kwenu siku hizi. Mnaanza na mwaka, kisha mnahamia kwenye jina, mwisho mnasema mtu hakuwepo.

Nusu Jini
Kwa mada hii ya kurekebisha miaka nadhani mimi ndiye mtaalamu 😅

Kobe Mwendapole
Wewe nyamaza, kesi yako bado.

Nusu Jini
Kesi yangu ni nyepesi. Kuna ile rai ya mwanafizikia Everett ya 1957, kwamba kila penye uwezekano mwingi uwezekano wote hutimia, ulimwengu unatawanyika matawi. Kwa hiyo mimi nikirudi nyuma sifuti chochote chenu. Tawi lenu lipo pale pale, mimi nahamia tawi ambalo Sero yu hai. Hakuna anayepoteza.

Binti Msimulizi
Mwanafizikia yule alikuwa anazungumzia chembe, hakuwa anazungumzia madaraja ya kamba, lakini tuseme nimekubali. Wewe umehamia tawi jipya. Sisi tuliobaki ni akina nani? Mezani tuko sita, hatuwezi kugawanyika. Ama wote tunahamia nawe, yaani umefuta, ama wote tunabaki na wewe unaondoka, yaani umejitoa kwenye mchezo. Tawi la tatu halina viti.

Nusu Jini
...hilo la viti sikuliwaza.

Dokta Penseli
Na lugha yenyewe inagoma. Jaribuni kuandika kwenye daftari: Sero alikuwa amekufa, akawa hajafa, kwa hiyo kesho atakuwa hakufa jana. Mlinzi, una wino wa kutosha?

Mlinzi wa Daftari
Nimeshachana kurasa mbili.

Kobe Mwendapole
Majuto ni mjukuu, na huyu mwenzetu anataka kwenda kumuua babu.

Dokta Penseli
Hiyo naiandika ukutani.

Mzee wa Kete
Ndiyo maana nasema saa zitunzwe.

Binti Msimulizi
Mzee, saa zikitunzwa ndiyo mtu anajua vizuri arudi dakika ngapi! Kalenda haizuii, inamrahisishia.

Mzee wa Kete
Binti, kalenda ni shahidi. Kama imeandikwa saa nne kasorobo kikosi kilikuwa kambini na mganga alikuwa amelala mbele ya wenzake wanne, basi hakuwa darajani. Hawezi kwenda mahali ambapo kila mtu alimwona hayupo. Hiyo ndiyo kanuni. Haihitaji ngazi ya tisa wala almasi.

Sikio la Meza
Hapo Mzee umesema jambo zito kuliko unavyodhani. Kuna mwanafizikia Mrusi, Igor Novikov, alilitetea wazo kama hilo miaka ya 1980: ukirudi nyuma unaweza kufanya tu yale ambayo tayari yalikuwa sehemu ya yaliyotokea. Huwezi kuleta mgongano. Na kuna mchezo wa 1999, Continuum, umejengwa juu ya hofu hiyo. Wahusika wote wanasafiri katika wakati watakavyo, karibu bure, lakini ukitenda linalopingana na unachojua kilitokea, nafsi yako inaanza kumeguka na kazi inakuwa yako kwenda kuziba pengo. Uwezo ni bure, kinacholipiwa ni kujipinga.

Mzee wa Kete
Mrusi huyo ameniiba.

Kobe Mwendapole
Mzee kwa kurudi nyuma hakuna anayekuweza. Ila mimi sijaridhika. Kanuni za "kumeguka" ni maneno matamu tu, mwisho wake msimamizi ndiye anaamua nani amemeguka. Kwenye mchezo wa Mage: The Ascension (1993) ulimwengu unakuadhibu ukifanya mambo ambayo watu wa kawaida hawawezi kuyaamini. Uliza waliocheza: nusu ya kikao inaishia kubishana kama muujiza ule ungeweza kupita kama bahati ya kawaida. Mimi nataka namba. Kwa nini mnaogopa namba?

Binti Msimulizi
Haogopi mtu. Namba zinajibu "inagharimu kiasi gani", hazijibu "ni ya nani". Kifo cha Sero ni cha nani?

Kobe Mwendapole
Cha dadu.

Nusu Jini
Cha kikosi!

Mzee wa Kete
Cha msimamizi.

Tone la Wino
Ni changu. Habari zenu, mimi ndiye nilikuwa Sero.

Nimesoma yote, pamoja na mchawi na mganga, pamoja na meza iliyotikisika (ilitikisika kidogo, Kobe). Mnajua mmezungumza kwa muda gani kabla mtu hajauliza mwenye mhusika anataka nini? Aliuliza Sikio peke yake, mkampita mkaenda kubishana kuhusu 1974.

Sero nilimcheza miezi minane. Dadu ilipoanguka ile moja niliumia, ndiyo. Lakini nilipofika nyumbani niliandika barua aliyomwachia dada yake, ambayo ilikuwa mfukoni mwake siku zote na hakuna aliyejua. Ndiyo kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika kwenye mchezo huu. Nusu Jini ukimzuia asivuke, barua haipo. Sijui kama umeelewa. Hukuniudhi kwa kutaka kuniokoa. Umeniudhi kwa kutoniuliza.

Nusu Jini
Dah. Samahani, dada. Kweli sikuuliza. Nilidhani mtu yeyote angetaka.

Kobe Mwendapole
Mimi nafuta ile kauli ya kushindwa. Ile ya ndoto za bure inabaki.

Nusu Jini
Hukusema ndoto za bure.

Kobe Mwendapole
Basi naisema sasa, halafu inabaki.

Dokta Penseli
Tone, barua hiyo tunaweza kuisoma?

Tone la Wino
Kwenye kikao, si hapa.

Mlinzi wa Daftari
Nami samahani, nilileta swali la kanuni nikasahau kuna mtu ndani yake. Basi nauliza kwa namna nyingine, na ninamuuliza Tone kwanza. Sero abaki amekufa. Lakini Nusu Jini bado ana uwezo niliompa, na sipendi kumnyang'anya kwa kosa langu. Kwa kanuni ya Mzee na Mrusi wake, anaweza kurudi mahali ambapo hakuna aliyemwona hayupo. Nimeangalia daftari: wakati Sero anavuka, mganga alikuwa amebaki nyuma peke yake "kutafuta kuni". Hakuna shahidi. Na kuna jambo moja la daraja lile ambalo hatujalijaza.

Sikio la Meza
Nani aliikata kamba.

Binti Msimulizi
Aaah, HAPANA. Mwili umenisisimka.

Tone la Wino
Nimekubali. Nimekubali kabisa. Anakuja mbio kumwokoa Sero gizani, anakata kamba akidhani ni ya mtego.

Mzee wa Kete
Mganga akawa mchawi.

Kobe Mwendapole
Na gharama? Iandikwe gharama.

Nusu Jini
Ngojeni kwanza. Mimi mchezaji nimeshajua. Nikifika pale na kisu mkononi, nikakataa kukata?